Mchujo wa New Hampshire: nani anaruhusiwa kupiga kura, na wajumbe wanagawanywaje?

Mpenda_Siasa_Pangani
Wakuu, salaam. Naomba kueleweshwa kuhusu mchujo wa urais (uchaguzi wa kupata mgombea wa kila chama) wa New Hampshire, jimbo la Marekani, hasa ule wa tarehe 23 Januari 2024. Nasoma kwamba hata wasio wanachama wa Republican walimpigia Haley, mpinzani wa Trump ndani ya chama hicho. Je, mtu yeyote anaingia tu? Halafu Biden alishindaje upande wa Democratic wakati jina lake halikuwepo kwenye karatasi? La mwisho ni hesabu: Trump asilimia 54, Haley 43, lakini Haley aliyeshindwa akaondoka na wajumbe 9 (wale wanaokwenda kumteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama) na Trump 13. Kwenye kura za maoni huku kwetu wa kwanza ndiye wa kwanza, vikao vikipenda.

Shaba_Nyekundu
Ule ni mchujo wa wazi, mkuu. Yeyote aliyejiandikisha anapiga popote anapotaka.

Karani_wa_Kituo
Hapana, Shaba. Ni wa wazi nusu. Aliyeandikishwa kama Democrat hapewi karatasi ya Republican, wala kinyume chake. Wanaochagua ni wale wasiojiandikisha chini ya chama chochote, na hao ni karibu wanne kati ya kila wapiga kura kumi wa jimbo lile. Ndiyo maana wagombea wanawabembeleza kuliko wanachama wao wenyewe.

Utaratibu uko hivi. Mpiga kura asiye na chama akifika mezani anamwambia karani anataka karatasi ya chama gani. Akishaipokea, daftari linamhesabu kuwa mwanachama wa chama hicho papo hapo. Akimaliza kupiga kura, kuna meza nyingine ya kusaini ili arudishwe kuwa asiye na chama kabla hajatoka. Wengi huipita meza hiyo wakakimbilia magari yao, na hapo ndipo pa kuchomea: miaka minne baadaye mtu anakuja kutaka karatasi ya chama kingine, anaambiwa wewe ni mwanachama wa huku.

Na huwezi kubadilisha dakika za mwisho. Kwa mchujo wa 2024, mwenye chama alitakiwa awe ameshabadili ifikapo tarehe 6 Oktoba 2023, miezi zaidi ya mitatu kabla ya kura. Democrat aliyeamka Januari akitaka kumsaidia Haley alikuwa ameshachelewa. Ila ambaye hajajiandikisha kabisa anaweza kujiandikisha kituoni siku ileile na kupiga.

Msomaji_wa_Kanuni
Niongeze la Biden. Uchaguzi ule hauendeshwi na chama bali na serikali ya jimbo, chini ya Katibu wa Jimbo, ambaye kisheria lazima apange tarehe angalau siku 7 kabla ya uchaguzi wowote unaofanana na huo katika jimbo jingine. Chama cha Democratic kitaifa kiliamua South Carolina itangulie, tarehe 3 Februari 2024. New Hampshire wakasema sheria yetu ni sheria yetu. Biden, kwa kufuata kalenda ya chama chake, hakuchukua fomu. Fomu yenyewe ni rahisi, unajaza na kulipa dola 1,000, na ndiyo maana karatasi ya Democratic ilikuwa na majina 21 na ya Republican 24.

Karatasi ina mstari mtupu chini. Mpiga kura anaandika jina hapo na kujaza kiduara cha pembeni. Mashine inahesabu kwamba kuna jina limeandikwa, lakini haisomi ni la nani. Karatasi hizo huchambuliwa na watu usiku, moja moja, na makosa ya tahajia yanavumiliwa nia ikionekana. Kwa hiyo usiku ule matokeo ya mwanzo yalikuwa na fungu kubwa la "majina yaliyoandikwa" lisilo na mwenyewe. Mwishowe Biden alipata karibu asilimia 64 na mpinzani wake Dean Phillips karibu 20. Wajumbe wa jimbo walikuwa wameadhibiwa na chama, lakini kabla ya mkutano mkuu wa Agosti kule Chicago nafasi zao zilirudishwa.

Hesabu_Haidanganyi
Wajumbe sasa. Vyama viwili, kanuni mbili, na watu huzichanganya.

Republican: chini ya asilimia 10 hupati kitu. Aliyevuka, asilimia yake inazidishwa na idadi ya wajumbe na kukadiriwa kwenda namba nzima iliyo karibu. Wanaobaki anapewa wa kwanza. Mfano mzuri ni 2016, wajumbe 23. Trump 35.3% ni 8. Kasich 15.7% ni 4, Cruz 11.7% ni 3, Bush 11% ni 3, Rubio 10.5% ni 2. Jumla 20. Watatu waliosalia wakaenda kwa Trump, akawa na 11. Christie na asilimia zake 7 akaenda nyumbani. Mwaka 2024 waliovuka 10% walikuwa wawili tu, kwa hiyo masalio yalikuwa kiduchu na Haley akapata karibu na haki yake.

Democratic: kizingiti ni 15%, na masalio hayaendi kwa wa kwanza. Kura za walio chini ya kizingiti zinawekwa kando, kisha wajumbe wanagawanywa upya kati ya waliovuka. Mwaka 2020: Sanders 25.7, Buttigieg 24.4, Klobuchar 19.8. Jumla 69.9, hiyo ndiyo 100 mpya. Warren 9.2 na Biden 8.4 walitoka kapa. Wajumbe 24 hawagawanywi kwa mkupuo: 8 kwa kila moja ya wilaya mbili za Congress (maeneo ya kuchagua wabunge wa taifa), 5 wa jimbo zima, 3 ni nafasi za viongozi wa chama. Chukua wale 5: Sanders 1.84, Buttigieg 1.75, Klobuchar 1.42. Kila mmoja anapata 1, wawili waliobaki wanaenda kwenye desimali kubwa, inakuwa 2, 2, 1. Fanya hivyo mafungu yote, unapata 9, 9, 6. Sanders alimzidi Buttigieg kwa kura karibu 3,900 na hazikumpa hata mjumbe mmoja wa ziada.

Mpenda_Siasa_Pangani
Nimewaelewa wakuu, asanteni. Na mtu akitaka kufuatilia usiku wa matokeo akiwa huku?

Hesabu_Haidanganyi
Vituo vingi hufungwa saa 1 usiku kwa saa zao, vichache saa 2. Kwetu ni saa 9 usiku na saa 10 alfajiri, na vyombo vikubwa havitangazi mshindi kabla ya ile saa 10. Dixville Notch, kijiji kidogo cha jimbo hilo wanaopiga usiku wa manane, utawaona saa 2 asubuhi yetu, lakini usijenge hoja hapo: 2024 walikuwa watu sita, wote wakampa Haley. Angalia nani anaelea kwenye asilimia 9 hadi 11 kwa Republican, 14 hadi 16 kwa Democratic. Hao wakivuka au wakizama, hesabu yote ya wajumbe inabadilika.

Karani_wa_Kituo
Na miji midogo inayohesabu kwa mkono huchelewa, usishangae namba kusimama saa nzima.