Tupeane uzoefu: unawasilianaje na mtu ambaye kusema kunamwia vigumu?

Wadau, salaam. Naomba tupeane uzoefu, hasa mnaoishi na mtu ambaye maneno hayamtoki vizuri, kwa sababu yoyote ile. Naanza mimi.

Baba alipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha iliko. Amebaki na afasia: anaelewa mengi, ila neno analolitafuta haliji, au linakuja jingine. Kinachoniuma ni wageni. Wanamwuliza mama, "Mzee anaendeleaje?" na mwenyewe ameketi mbele yao. Wengine wanampazia sauti, na masikio yake ni mazima kabisa.

Kinachotusaidia ni swali moja moja, redio ikiwa imezimwa. Kwa kuwa hata "ndiyo" na "hapana" humchanganya mdomoni, nimeyaandika kwenye karatasi, kila neno upande wake, naye anagusa. Halafu nasubiri, na hapo ndipo pagumu. Ila nyimbo za zamani anaziimba na maneno yake yote! Mtaalamu wa tiba ya usemi alitueleza kwamba kuimba hutumia sana upande wa kulia wa ubongo pia.

Mchangiaji wa 1
Mwenye kigugumizi ni mimi mwenyewe. Jamani, msitumalizie sentensi. Mara nyingi mnamalizia nisichotaka kusema, kisha nabaki na kazi mbili: kukanusha, na kuanza upya. "Tulia, vuta pumzi" nayo haisaidii, inanionyesha tu kwamba umeacha kusikiliza ninachosema. Nitazame usoni kama kawaida, ningoje. Kwenye simu ndiyo balaa, nikikwama kidogo tu mtu anakata.

Mchangiaji wa 2
Binti yangu ana mtindio wa ubongo, anatumia ubao wa picha: anagusa picha ya kile anachotaka kusema. Ndugu walinionya kwamba atabweteka nao, hatajifunza kusema. Tafiti hazionyeshi hivyo. Ubao hauzuii usemi, na kuna watoto ambao usemi wao huongezeka kidogo.

Ubao tuliopewa ulikuwa na maji, chakula, choo, kulala. Basi! Mtoto mzima na akili zake, maisha yake yote ni choo na chakula? Tukaongeza "sitaki", "bado sijamaliza", "niambie tena", "unanitania". Siku za mwanzo kidole hakikubanduka kwenye "sitaki", tukamwacha aitumie mpaka aridhike. Jambo jingine: sisi wenyewe tunagusa picha huku tukiongea naye. Mtoto hawezi kujifunza lugha ambayo haoni mtu mwingine akiitumia.

Shule moja ilitaka ubao ubaki kwenye begi ili asiwasumbue wenzake. Nilikwenda na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006. Kifungu cha 2 kinahesabu njia mbadala za kuwasiliana kuwa ni mawasiliano kamili. Ubao ukarudi mezani.

Mchangiaji wa 3
Kwa wenye ndugu wanaougua ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli: rekodini sauti mapema, kabla haijaanza kukwaruza. Siku hizi kompyuta inaweza kutengeneza sauti inayofanana na yake. Kaka yangu alirekodi majina ya wanawe na namna anavyowatania. Stephen Hawking, mwanafizikia Mwingereza aliyekuwa na ugonjwa wa aina hiyo, alipoteza usemi mwaka 1985 akaendelea kufundisha kwa kompyuta hadi uzeeni, mwishoni akiiendesha kwa msuli wa shavu.

Mwanzisha mada
Nimejifunza mengi. Swali: mzee asipoeleweka anakasirika, anageukia ukutani. Mnafanyaje?

Mchangiaji wa 2
Usijifanye umeelewa, wanajua. Mwambie kile ulichokipata: "Baba, nimeelewa ni habari ya mtu. Ni wa hapa nyumbani?" Aanzie hapo, asirudi mwanzo. Ikishindikana, mwulize kama mliache kwanza mlirudie jioni, na jioni ikifika uwe wewe wa kulianzisha.