Maduka ya dawa vijijini yakatazwe kuuza antibayotiki (dawa za kuua bakteria) bila cheti cha daktari? Tuongee wanakusini

Nawasalimu ndugu zangu. Juzi msibani huku Tandahimba, Mtwara, tulikaribia kugombana. Kaka mmoja tabibu wa zahanati alisema duka lolote la dawa muhimu linalouza antibayotiki bila cheti lifungwe tu, hakuna cha onyo. Wakamjibu we zahanati iko mlangoni kwako, sisi wa huko ndani mpaka upate bodaboda je?

Mimi niko na yule kaka, japo sio kwa yote. Mwanangu kila akipata mafua nilikuwa naenda dukani namchukulia amoksilini, naona ndio kumjali. Mwaka jana akapata UTI, dawa ya kwanza kimya, ya pili kimya, mpaka walipootesha mkojo maabara ndio ikaonekana hao bakteria hawasikii amoksilini wala septrini. Akachomwa sindano wiki nzima, mtoto wa miaka minne, akimwona nesi tu anaanza kulia. Hakuna aliyenilaumu lakini usingizi sikupata.

Jamani mafua ni virusi, antibayotiki haiwagusi hata umeze kopo zima. Inachofanya inaua bakteria dhaifu walioko tumboni, wale wagumu wanabaki wanazaana kwa nafasi, tena wanagawiana vinasaba vya usugu, yaani vya kutosikia dawa, hata na bakteria wa aina nyingine kabisa, halafu vinatoka chooni, mvua inasomba, vinaingia kwenye visima vya mabondeni tunakochota wote, hata yule ambaye hajawahi kumeza kidonge. Mwaka 2019 peke yake inakadiriwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa usugu huu, na Afrika kusini mwa Sahara ndio tuliumia zaidi. Kwahiyo sio la mtu na mwili wake.

Mnaopinga karibuni, ila mje na hoja.

MWENYE DUKA, NEWALA
Dada pole na mtoto. Ila mimi nimesomea hii kazi na nina kibali. Maduka haya yalianzia kwa jirani zetu Ruvuma 2003 kwasababu vijijini famasi hazikuwepo, na baadhi ya antibayotiki zipo kwenye orodha tunayoruhusiwa. Saa nne usiku mama kaja na mtoto anahema kama kakimbizwa, nimwambie alete cheti? Na mbona hamgusi kuku wa broila? Mfugaji anamwaga antibayotiki ya oksitetrasaiklini kwenye maji ya banda zima, kuku hawaumwi, siku mbili mbele wapo sokoni.

MLETA MADA
Dada wa Newala, kwenye nimonia, huyo mtoto anayehema usiku, umenishinda, nakubali. Amoksilini ya mtoto ibaki dukani, ila hesabu pumzi kwanza dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 mpaka 11 akifika 50, wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40, hapo mpe na umsisitize mama asubuhi awahi zahanati. Akiwa hawezi kunyonya au kunywa, au amelegea, usimpe ukaishia hapo, huyo hospitali usiku huohuo. Asiyefika, hana dalili hizo wala kifua hakibonyei kwa ndani akivuta pumzi, ana kikohozi tu, mwambie mama ukweli warudi nyumbani. Kuku pia nakubali, dawa ikitumika basi siku za kusubiri kabla ya kuchinja zifuatwe, na kuwapa wazima ikatazwe.

Ninapokataa ni antibayotiki kama sipro, azuma na sindano za seftriaksoni kutoka bila cheti, na ile ya kumkatia mtu vidonge vinne kwasababu ana buku moja mkononi. Hebu niambie kwa moyo mweupe, msimu wa korosho watu wakishalipwa, wanaokuja kuulizia azuma wangapi wana cheti?

MWENYE DUKA, NEWALA
Wachache sana dada. Wengi wanakuja na boksi tupu la jirani, wananionyesha, wanasema nipe kama hii.