"Sugu, ukanda 4 hadi 8": sugu wa nini? Nimechoka kupigwa

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Huu ni mwaka wa tatu nalea mtufaha. Urefu unao, ua hata moja sijaliona. Siku naununua, lebo ilisema "Sugu, ukanda 4 hadi 8". Nikamuuliza muuzaji, huku kwetu joto, utazaa? Akaigonga lebo kwa kidole: "Huu unahimili nyuzi 30 chini ya sifuri, joto ndio liushinde?" Na mimi na akili zangu timamu nikatoa hela.

Nimekuja kuelewa nikiwa nimeshaliwa. Hiyo namba inatokana na ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, yenye kanda 13 (namba ikishuka, baridi inazidi), na inapima kitu kimoja tu: ile baridi kali kuliko zote za mwaka, wastani wa miaka 30. Basi! Joto haipimi, mvua haipimi, unyevu wa hewa haipimi. Kusini mwa Uingereza na kaskazini mwa Florida kunaangukia humo humo kwenye kanda za 8 na 9, sasa nenda ukalinganishe majira yao ya joto. Hiyo "hadi 8" watu huiweka kwa uzoefu tu. Ramani ya joto ipo, chama cha bustani cha Marekani kiliitoa 1997, inahesabu siku zinazopita nyuzi 30. Mmewahi kuiona kwenye lebo? Mimi bado.

Mtufaha wenyewe, aina nyingi zinataka saa 800 hadi 1,000 za baridi ya chini ya nyuzi 7 ndipo macho yake, yale ya kuchipua maua na majani, yazinduke. Asiyenitajia hilo ameniuzia nini? Jana nimeushika tawi kwa tawi: fimbo tupu, halafu kule nchani kabisa kishungi cha majani, kama ufagio uliosimamishwa. Macho ya katikati yamekauka, ukiyagusa yanadondoka. Mti wenyewe hauumwi, unasubiri baridi ambayo haitakuja.

Na kinachoniuma zaidi, zipo aina kama Anna na Dorsett Golden zinazoridhika na saa 300 au pungufu. Angenipa hizo! Lakini kwake "inahimili baridi" na "inahimili kila kitu" ni neno moja. (Lavenda niliyobeba siku hiyo hiyo, nayo "sugu, ukanda 5", haikumaliza hata masika. Ilioza shina kwa unyevu.)

Wiki iliyopita nikamrudia na picha za tawi. Hata hakuzitazama vizuri. Kwanza akaniambia niongeze mbolea. Nilipopandisha sauti akanivuta pembeni, akanong'ona kwamba ameingiza mche mpya, sugu kuliko ule wangu. Ukanda 3.