Tulioibiwa kazi zetu ndani ya Second Life, tupeane uzoefu

Mleta mada
Jana nimeingia duka moja mle ndani ya Second Life, ile dunia ya mtandaoni ambamo watu huuziana vitu walivyobuni, nikakuta viatu vya rafiki yangu vinauzwa kwa jina la mtu mwingine, hadi ule uzi wa kisigino aliouchora kwa mkono. Nikakumbuka Novemba 2006, CopyBot, ile programu ya kunakili vitu vya wengine, ilipoingia na wenye maduka wakafunga milango kwa hasira. Wakongwe, tiririkeni.

Bint_Muscat
Mie yangu ndefu, nivumilieni.

Nilikuwa nauza magauni ya kanga. Nachora mwenyewe pindo, mji, mpaka jina. Kwenye pindo kila korosho inatazama kulia, isipokuwa moja ya kona ya chini nimeigeuza kusudi. Siku hiyo nipo kwenye tamasha la muziki, avata moja (yaani umbo la mtu mle ndani) inapita mbele yangu na gauni langu. Nikasema mteja huyo, alhamdulillah. Nikasogeza kamera. Jina linasomeka kinyumenyume! HASIDI HANA SABABU, herufi zote zimegeuzwa kama kwenye kioo. Mwizi kaipindua picha ili isitambulike, na wanunuzi wake hakuna anayejua Kiswahili. Korosho yangu niliyoigeuza bado ipo, ila imehamia kona ya pili.

Nikapeleka notisi ya DMCA, ile sheria ya Marekani ya hakimiliki mtandaoni, vitu vikashushwa. Naye akapeleka ya kupinga. Sheria hiyo inasema akishapinga hivyo, mwenye mali usipofungua kesi mahakamani, vitu vinarudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Mie nipo Muscat, nikafungue kesi California waliko wenye Second Life, kwa gauni la L$250 za pesa ya humo, dola moja hivi? Vikarudi. Wallahi nililia.

kaka_voksel
Pole sana dada. Yamenikuta pia, ila mimi ilikuwa nywele.

Mzee wa Prim
Ndiyo maana nasema kila siku, weka alama za ruhusa vizuri: mnunuzi asibadili, na asinakili au asihamishe. Na ununue kile kifaa cha kufukuza CopyBot.

fundi_skripti
Mzee acha kupotosha watu. Vile vifaa vilikuwa vinapiga kelele "!quit", amri ya kuizima CopyBot, kwenye gumzo mpaka masikio yanauma, na mwizi aliyebadilisha CopyBot yake kidogo tu hadhuriki. Alama za ruhusa zinamzuia mteja muungwana. Ili gauni lionekane, picha na umbo lake lazima vifike kwenye kompyuta ya anayetazama, na kikishafika kinachukulika. Kisichofika ni skripti, yale maagizo yanayokifanya kitu kifanye kazi, hiyo inabaki kwenye seva. Weka thamani yako humo.

Mzee wa Prim
Gauni la kanga liwekewe skripti gani? Liimbe?

fundi_skripti
Libadilishe rangi. Fikiri, mzee.

pwani_kwetu
Samahani, nitauliza tu. Kanga yenyewe Bint_Muscat kaitoa wapi? Korosho ile bibi yangu alikuwa nayo. Na methali ni ya wote. Nani kamwibia nani?

Bint_Muscat
Korosho ni ya wote, mchoro ni wangu. Nimekesha na kalamu, sikupiga picha doti ya bibi yako. Usinichokoze.

kaka_voksel
Pwani_kwetu kaamka vibaya leo 😂

Wakili Kijiweni
Kuna waliokwenda mahakamani kweli. Mwaka 2007 kampuni ya Eros ya Kevin Alderman ilishtaki huko Florida kwa sababu ya kitanda cha ndani ya Second Life kilichonakiliwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Mwizi alikuwa anajulikana kwa jina la avata tu, ikabidi wamtafute mpaka wamfahamu. Mwishowe wakapatana. Ila kumbukeni, notisi ya DMCA inakuwa na jina lako halisi na mawasiliano, na mlalamikiwa anaweza kuyaona. Dada zangu mnaojificha nyuma ya avata, pimeni kwanza.

Mzee wa Prim
Kitanda?? Cha kulalia au?

Wakili Kijiweni
Mzee, tafuta mwenyewe.

mtu_wa_Temeke
Mimi dawa yangu ni kutoa toleo jipya kila mara. Mwizi anauza la zamani, wateja wanalifuata jipya. Notisi sipeleki, muda huo nachora.

fundi_skripti
Mimi napeleka kila moja. Usipopeleka wanazoea.

kaka_voksel
Dada wa Muscat, duka bado lipo? Mke wangu anataka la bluu. Weka linki.

Bint_Muscat
Lipo kaka, karibuni sana. Nakutumia inboksi.

pwani_kwetu
Na ya mwizi je? Nasikia kashusha bei.

Bint_Muscat
Nawe!