Tupeane uzoefu: umewahi kupokea meseji ya deni ambalo si lako?

BintiTemeke

Wakuu, habari za jioni.

Naomba tupeane uzoefu kuhusu hizi meseji za mikopo ya mtandaoni. Habari za riba tuziache pembeni, tumeshazijadili sana, na kila mtu anajua hii ni kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba ya kunyonya, iliyohamia kwenye simu. Leo nataka tuwaongelee wasiokopa, wale ambao kosa lao ni namba zao kuwa kwenye simu ya mtu.

Ya kwangu iliingia nikiwa kazini, kutoka namba ngeni, herufi kubwa tupu: "HABARI DADA GAUNI KIJANI. MJULISHE (jina) ALIPE DENI LAKE LEO KABLA YA SAA 10. WEWE NI MDHAMINI WAKE. UKIPUUZA UTAUNGANISHWA NAYE."

Huyo mtajwa ni fundi wangu wa nguo. Na "Dada Gauni Kijani" ndivyo alivyoniandika kwenye simu yake ili asinichanganye na wateja wengine. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawakubahatisha namba. Walibeba orodha yote kama ilivyo, mpaka majina ya utani.

Fundi alibonyeza "nakubali", sawa. Mimi nilikubali lini?

MwalimuWaZamu

Pole dada. Wewe umeletewa meseji, sisi tulifunguliwa kundi kabisa la WhatsApp. Jina la kundi lilikuwa jina la mwalimu mwenzetu na neno TAPELI mbele yake. Picha ya kundi ni ile aliyojipiga ameshika kitambulisho cha NIDA wakati wa kuomba mkopo. Ndani wakawekwa mkuu wa shule, mchungaji wake, mwenye duka anakokopa unga, baba watoto wake walioachana zamani, na wazazi kadhaa wa wanafunzi wetu. Watu ambao hawajawahi kukaa meza moja wakajikuta wanasoma deni la mwenzao.

Kilichoniuma ni ule ukimya. Hakuna aliyeandika neno. Watu walitoka mmoja mmoja, na kila anayetoka simu inaonyesha "fulani ameondoka", na yeye anaona. Deni lenyewe halikufika laki mbili. Alishalimaliza, lakini mpaka leo kwenye vikao vya wazazi anakaa nyuma na hachangii hoja.

Mzee_wa_Hesabu

Kukopa harusi, kulipa matanga. Mnawatetea sana wadaiwa humu. Ukichukua hela ya mtu ukazima simu, unataka akutafute kwa njozi?

BintiTemeke

Mzee wangu, shikamoo. Hakuna aliyesema fundi asilipe. Benki ikikudai ina dhamana, ina mahakama na madalali. Mimi na huyo mchungaji tunaingiaje? Hata pale mtaani kwako, ukimdai jirani huendi kumtukania mama mkwe wake.

Mzee_wa_Hesabu

Marahaba. Hapo kwa mama mkwe nimekuelewa.

NakuruNiHome

Wandugu wa Tanzania, haya mambo huku Kenya yalitupiga mapema. Mimi walimpigia mkubwa wangu kazini, akaitwa kutoka mkutanoni kwa ajili ya deni ya binamu yangu. Binamu! Hata sikuwa najua amekopa.

Sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019, lakini kitu kilibadilika zaidi Machi 2022, Benki Kuu ilipotoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali. Zinakataza waziwazi kuingia kwenye orodha ya namba za mteja na kuwatumia watu wake meseji kwa sababu amechelewa kulipa. Matusi na vitisho pia marufuku. Kisha Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja yenye aplikesheni mbili faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa kutumia majina na namba walizopata kupitia watu wengine kutuma vitisho.

Sisemi yameisha, bado wapo. Lakini mimi nilipeleka malalamiko kwa Kamishna na skrinshoti zangu, na zile simu zikakoma. Binamu bado ananikwepa mazishini, hiyo ni stori nyingine.

NilikuwaNdani

Nimesoma kimya, nimeona niseme. Nimewahi kufanya kazi ya kukusanya madeni kwa moja ya hizi aplikesheni. Jina silitaji.

Unakaa na kompyuta na hedifoni. Ukifungua jina la mdaiwa, upande mmoja unaona kiasi na siku alizochelewa, upande wa pili inashuka orodha ya watu wake. Tulielekezwa tusipoteze muda na namba za mafundi na madalali wa vyumba. Tafuta Mama, Mume, Wife, Bosi, Mchungaji, Shemeji. Aliyemwandika mkewe "Mpenzi" ametusaidia kazi. Waliobaki mtambo unawatumia meseji ya pamoja, ndiyo hiyo iliyomfikia Dada Gauni Kijani.

Mshahara ulikuwa mdogo sana, hela ya maana ilikuwa kamisheni ya kile unachorudisha. Kwa hiyo hakukuwa na maandishi yanayomlazimisha mtu kutukana. Unaona tu anayetukana ndiye anayeongoza kwenye ubao wa mwisho wa wiki.

Kuhusu namba: laini zilikuja zimeshasajiliwa, kwa majina ya watu hata hatuwajui. Ikilalamikiwa inatupwa, inawekwa nyingine. Kila mmoja humu apige *106# aangalie laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Unaweza kukuta jina lako ndilo linalomtukana mtu Singida.

MwalimuWaZamu

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na sijui nikushukuru au nikulaumu.

FundiSimuKkoo

Upande wa simu nidokeze kidogo maana wateja wananiletea kila wiki, wanataka niwafutie simu yote, wakiamini namba zitarudi. Haziwezi. Ukishabonyeza "ruhusu" kwenye kontakti, orodha inapakiwa kwenye seva zao saa hiyohiyo. Ukiifuta aplikesheni baadaye umeondoa mlango tu, vitu vilishatoka.

Google walibadilisha masharti: kuanzia 31 Mei 2023, aplikesheni ya mikopo binafsi iliyoko Play Store hairuhusiwi kusoma kontakti wala picha zako. Ndiyo maana siku hizi wajanja hawakupeleki Play Store. Wanakutumia linki WhatsApp au kwenye tangazo la Facebook, unashusha faili lenyewe, simu inakuonya kwamba chanzo hakijulikani, unabonyeza "endelea" kwa sababu una shida. Ukiona hivyo, jua kuna kitu Play Store ingewakatalia.

Wengine wanakuomba kwa upole namba za "watu wa dharura". Dharura yenyewe ni hii.

MamaAyubu_Muscat

Jamani mimi niko Muscat, nafanya kazi za ndani. Mdogo wangu alikopa Tanga, mimi ndiye niliyetafutwa kuliko hata mama aliye naye nyumba moja. Walipoona namba inaanza na +968 wakajua huyu ana riyali. Wananipigia saa nane usiku wa huku. Mama mwenye nyumba akaanza kuniuliza huyo mwanamume anayepiga usiku ni nani. Nililipa ili nilale, basi. Sikulipa kwa sababu nadaiwa.

WakiliWaBarazani

Nimechelewa uzi huu. Niseme kwa Tanzania.

Faragha ipo kwenye Katiba, Ibara ya 16. Halafu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo na inapokea malalamiko. Watu wengi hawajui kwamba anayelalamika si lazima awe mkopaji. Namba yako na jina lako ni taarifa zako wewe, hata kama zimehifadhiwa kwenye simu ya fundi cherehani. Kwa mtazamo wangu hoja ya BintiTemeke ndiyo nzito kuliko zote humu: ridhaa ya fundi haiwezi kuwa ridhaa ya wateja wake wote.

Pia kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, kuhusu kutuma ujumbe kwa nia ya kutisha au kumsababishia mtu maumivu ya moyo. Ile sheria tumezoea kuisikia ikiwashukia walioandika siasa, lakini kundi lenye neno TAPELI linaingia humo bila kusukumwa.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa tangazo lenye aplikesheni na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Mkopeshaji wako akiwemo, itaje hiyo kwenye malalamiko. Kutokuwemo si cheti, maana jina hubadilishwa. Namba zinazotuma vitisho au utapeli zitume kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Kituoni mjiandae kisaikolojia. Swali la kwanza huwa "wewe unadaiwa shilingi ngapi?" Jibu ni "sidaiwi, nimekuja kushtaki", na ulirudie mpaka liandikwe.

DogoLaini

Wakili, samahani, nina swali. Mimi nimepata leo meseji tatu, lakini huyo anayedaiwa simfahamu kabisa. Namba yangu mpya, nimeinunua mwaka huu. Nafanyaje? Niwablock tu?

WakiliWaBarazani

Namba yako ilikuwa ya mtu mwingine kabla haijarudishwa sokoni, huyo mtu ndiye ndugu wa mdaiwa. Usiblock kwanza. Wajibu mara moja, kwa maandishi: "Simfahamu mtu huyu, sijamdhamini, futeni namba yangu." Piga skrinshoti inayoonyesha namba yao, tarehe na saa. Wakituma tena baada ya hapo, kukataa kwako ndiko kunakofungua malalamiko Tume. Hapo sasa unaweza kublock.

Na wakikuuliza "kwani wewe ni nani?", usiwatajie jina. Hicho ndicho walichokuwa bado hawana.