Lorenzo alipotundika helmeti: Honda ilikosea kumpa Alex Márquez nafasi yake?

Kona Kumi

Wadau, naleta hoja ambayo kila tukiigusa tunaiacha nusu.

Alhamisi tarehe 14 Novemba 2019, pale Valencia, Jorge Lorenzo alitangaza kwamba mbio za Jumapili ile zingekuwa za mwisho kwake. Huyu ni bingwa wa MotoGP, daraja la juu kabisa la mbio za pikipiki duniani, mara tatu, 2010, 2012 na 2015, zote akiwa Yamaha, na mkataba wake na Honda ulikuwa umebakiza mwaka mzima. Siku nne tu baadaye Honda ikamtaja mrithi: Alex Márquez, mdogo wake Marc aliyekuwa dereva mkuu wa Honda, na bingwa mpya wa Moto2, daraja lililo chini ya MotoGP, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Kisha Julai 2020, kabla hata mbio za kwanza za msimu hazijaanza, ikatangazwa kwamba mwaka unaofuata Alex anahamia LCR, timu tanzu inayotumia pikipiki za Honda, na Pol Espargaró anaingia timu ya kiwanda.

Mimi nasema Honda ilikosea, na kosa la Novemba ndilo lililozaa la Julai. Johann Zarco alikuwa hana timu. Alishamaliza nafasi ya sita katika msimamo wa 2017 na tena wa 2018 akiwa na Yamaha ya Tech3, na mbio tatu za mwisho za 2019 alikuwa juu ya Honda ya LCR akimshikia nafasi Nakagami aliyefanyiwa upasuaji wa bega. Cal Crutchlow naye alikuwa LCR, mshindi wa mbio tatu, na mwaka uleule alipanda jukwaa mara tatu kwa Honda hiyohiyo. Unawaachaje hawa ukamchukua kijana ambaye hajawahi kushindana kwa breki za kaboni?

Karani wa Mikataba

Mkuu Kona, kabla hujaihukumu Honda angalia kalenda. Karibu mikataba yote mikubwa ya MotoGP wakati ule ilikuwa ya miaka miwili na ilikuwa inaisha pamoja, mwishoni mwa 2020. Maana yake Novemba 2019 soko lilikuwa tupu. Quartararo, Viñales, Rins, Mir, Miller, Pol mwenyewe, wote walikuwa na timu zao. Ukimtaka mmoja wao, unanunua mkataba wake wa mwaka mzima na bado timu yake inaweza kukataa.

Ukichuja hivyo, wanabaki watu wanne: Zarco, Crutchlow, Stefan Bradl aliyekuwa dereva wa majaribio, na Alex. Ukimpandisha Crutchlow umelihamisha pengo tu, sasa LCR ndiyo inayotafuta mtu. Ukimtoa Bradl unapoteza dereva wa majaribio. Zarco alikuwa ametoka kuvunja mkataba na KTM kabla ya muda wake, na timu yoyote inayompa mtu pikipiki ya kiwanda hulitazama hilo mara mbili.

Kwa hiyo mkataba wa mwaka mmoja ulikuwa na akili yake. Honda ilinunua muda hadi soko lifunguke. Ninalolipinga mimi ni la Julai. Kumwambia dereva kwamba amepoteza nafasi kabla hajashindana hata mara moja ni kuharibu kazi ya mafundi wake pia, kwa sababu tangu siku ile kila kipuri kipya kina mwenyewe mwingine.

Fundi Sasisi

Ninyi wawili mnabishana kuhusu watu, na mimi naona tatizo lilikuwa pikipiki. Nafasi ile ingemtafuna yeyote.

Tuanze na Lorenzo mwenyewe. Mtindo wake ni wa kuteleza: anashika breki mapema kidogo, anaachia taratibu, anabeba kasi kubwa katikati ya kona, na mwili hautikisiki. Mtindo huo unataka mahali pa kuegemea. Ducati walihangaika naye mwaka mmoja na nusu, mpaka walipobadilisha umbo la tangi la mafuta kabla ya mbio za Mugello 2018 ili mapaja yashike tangi wakati wa breki na mikono ipumzike. Akashinda Mugello, akashinda Catalunya, akashinda Austria. Mikono ikibeba uzito wote wa mwili wakati wa breki, misuli ya kigasha hukaza na kufa ganzi, vidole vinapoteza hisia ya breki, na baada ya mizunguko kumi dereva anapunguza kasi bila kupenda.

Honda ya 2019 ilikuwa kinyume chake. RC213V ile ilipata injini yenye nguvu zaidi kwenye mnyooko, lakini kwenye kona ilizidi kuwa ngumu. Muda wake ulipatikana mahali pamoja: kuingia kona ukiwa bado umeshika breki ya mbele kwa nguvu, tairi la nyuma likiwa jepesi, na kumalizia kugeuza kwa kutegemea tairi la mbele peke yake. Marc aliweza kwa sababu mbele ikimkimbia aliizuia kwa goti na kiwiko. Mwingine mbele ikimkimbia yuko chini. Lorenzo alikwenda hadi Japani kukaa na wahandisi wa HRC, kitengo cha mbio cha Honda, akatengenezewa tangi lenye vishikio vya mapaja, na haikusaidia. Assen akaanguka kwenye mazoezi akavunjika pingili mbili za uti wa mgongo. Alimaliza mwaka na pointi 28, nafasi yake bora ikiwa ya 11.

Sasa fanyeni hesabu ya msimu ule. Repsol Honda, ndiyo timu ya kiwanda, ilitwaa taji la timu kwa pointi 458 dhidi ya 445 za Ducati. Marc peke yake alileta 420. Lorenzo 28, na Bradl aliyemshikia nafasi alipokuwa majeruhi akaleta 10. Kiwanda kikipata mataji yote matatu, la dereva, la timu na la kiwanda, kwa mgongo wa mtu mmoja, nani atasimama kwenye kikao aseme pikipiki ni mbovu? Hapo ndipo nafasi ya Lorenzo ilipoharibika, miezi mingi kabla ya Alex kuitwa.

Kona Kumi

Fundi, hoja yako inanipa nguvu mimi. Ikiwa pikipiki ilikuwa ngumu hivyo, mzoefu alihitajika zaidi. Anayetoka Moto2 anasema nini kuhusu mbele inayokimbia? Hana cha kulinganisha nacho. Zarco alikuwa ameshapanda Yamaha, KTM na Honda. Akiulizwa tofauti ya fremu, anajibu kwa mfano. Na tazama alichofanya 2020: timu ya Avintia ilimpa Ducati ya mwaka uliopita, akachukua nafasi ya kwanza ya kuanzia mbio pale Brno na kumaliza wa tatu.

Giya ya Sita

Niingie kwenye hili la Moto2, maana watu huliongelea kijuujuu.

Mwaka 2019 Moto2 ilianza kutumia injini ya Triumph ya silinda tatu, sentimita za ujazo 765; tairi zilikuwa za Dunlop na breki za chuma. MotoGP wakati ule ilikuwa sentimita 1000, zaidi ya nguvu za farasi 250 ndani ya pikipiki ya kilo 157, tairi za Michelin, diski za kaboni za milimita 320 au 340. Kasi yenyewe dereva huizoea ndani ya siku mbili. Kinachochukua miezi ni haya.

Kwanza kaboni. Diski ya kaboni ikiwa baridi haishiki. Kijana aliyezoea chuma anagusa breki kwa upole, joto halipandi, kona inayofuata anapitiliza, anaogopa, anazidi kuwa mpole, na joto linazidi kushuka. Dawa yake ni kupiga breki kwa nguvu kubwa mapema kisha kuachia kidogokidogo, na hilo linapingana na kila alichojifunza. Pili, tairi la nyuma. Michelin wa nyuma hutunzwa mizunguko kumi ya kwanza kwa kuinyanyua pikipiki mapema wakati wa kutoka kona ili ukingo wa tairi usichemke. Chipukizi huwa na kasi mwanzoni, halafu kuanzia mzunguko wa kumi na tano anapitwa na watu watano. Tatu ni ramani za injini, yaani mipangilio ya nguvu zake: ipi ya kuanzia, lini ubadilishe, upunguze nguvu kwa kiasi gani kabla lita 22 za mafuta hazijawa shida.

Sasa hesabu siku alizopewa. Majaribio ya Valencia na Jerez Novemba, likizo ya lazima Desemba na Januari, Sepang Februari, Qatar mwishoni mwa Februari. Halafu janga la korona likafunga kila kitu na mbio za kwanza zikawa Julai pale Jerez. Yaani karibu miezi mitano bila kugusa pikipiki, kwa mtu aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kaboni.

Pamoja na hayo, Oktoba alimaliza wa pili Le Mans kwenye mvua, na wiki iliyofuata wa pili tena Aragón kwenye kavu. Ndizo jukwaa pekee za Honda mwaka mzima. Mwisho wa msimu alikuwa na pointi 74, Zarco 77. Kona, hizo pointi tatu ndizo kosa la Honda?

Fundi Sasisi

Nyongeza fupi kwa Giya. Mwaka 2020 Michelin walileta tairi la nyuma lenye muundo mpya na mshiko mkubwa zaidi. Nyuma ikishika sana inaisukuma mbele, na Honda iliishi kwa mbele. Kwenye majaribio ya Qatar, Marc alipopanda pikipiki ya 2019 ndipo ikaonekana mabawa mapya ya 2020 yalikuwa yamewapoteza, wakarudi nyuma. Nakagami aliyepewa pikipiki ya 2019 alimaliza wa kumi na pointi 116, juu ya kila aliyepanda Honda ya 2020. Marc mwenyewe alivunjika mkono mbio za kwanza. Honda ikamaliza mwaka bila ushindi hata mmoja.

Pol, mzoefu kamili, alikuja 2021 akapata pointi 100. Mwaka wa pili 56. Huyo ndiye aliyekuwa jibu la Julai.

Mstari wa Ndani

Linganisheni na Casey Stoner. Alitangaza Mei 2012 pale Le Mans kwamba ataacha mwisho wa msimu, akiwa na miaka 26 na ubingwa mkononi. Honda ikawa na miezi sita kamili. Wakati ule sheria ilimzuia chipukizi kuingia moja kwa moja timu ya kiwanda yenye timu tanzu. Katikati ya mwaka sheria ikafutwa, Julai Marc Márquez akasaini, na 2013 akawa bingwa mwaka wake wa kwanza. Kwa hiyo Kona, kusema "chipukizi hafai nafasi ya bingwa" hakusimami. Timu ileile, daraja lilelile alikotoka. Kilichotofautiana ni muda wa taarifa na hali ya pikipiki.

Na Valentino Rossi alipoaga Agosti 2021 mnakumbuka mnyororo ulivyokatika upande wa Yamaha? Viñales akaondoka katikati ya msimu mwezi uleule, Morbidelli akapandishwa timu ya kiwanda, Dovizioso akaitwa kuziba pengo, na 2022 timu tanzu ikaanza na Dovizioso pamoja na Darryn Binder aliyeruka kutoka Moto3. Dovizioso naye akastaafu Misano kabla msimu haujaisha, ikabidi Crutchlow amalizie mbio sita. Bingwa mmoja akitoka, ni nafasi tatu au nne zinazohama.

Karani wa Mikataba

Ndiyo maana napendekeza kifungu cha taarifa: dereva anayetaka kuacha mkataba kabla ya muda aseme kabla ya Agosti, la sivyo afidie gharama za mrithi.

Fundi Sasisi

Hapo Karani nakukatalia kabisa. Mtu aliyevunjika pingili na anayeingia kona akiwaza kuanguka ni hatari kwake na kwa walio nyuma yake. Catalunya 2019 Lorenzo aliteleza mzunguko wa pili akaondoka na Dovizioso, Viñales na Rossi kwa mpigo, na hapo alikuwa bado mzima. Ukimwekea faini ya kuacha, utamfanya apande akiwa hayuko tayari. Honda ilimwachia kwa amani, na ndilo jambo walilofanya vizuri kuliko yote katika sakata hili.

Karani wa Mikataba

Nimekuelewa, Fundi. Basi kifungu kiwe upande wa timu: mrithi wa dharura akipewa mkataba wa mwaka, timu isitangaze mwingine kabla hajakimbia angalau mbio tano.

Kona Kumi

Hilo naliunga mkono, na nakubali kwamba suala la chipukizi nililibeba vibaya. Alex alikuja kushinda Jerez 2025 akiwa na Ducati ya Gresini na kumaliza mwaka huo wa pili duniani, kwa hiyo kipaji hakikuwa tatizo. Ila kwa Zarco sibadiliki. Mei 2025 aliipa Honda ushindi Le Mans kwenye mvua, akiwa LCR, baada ya zaidi ya miaka miwili Honda bila kushinda. Mtu wa kuwaambia pikipiki ina ugonjwa gani walikuwa naye gereji jirani Novemba ile ya 2019, juu ya pikipiki yao, wakamwacha aende. Anayeweza kunionyesha kwamba Zarco angeleta taarifa zilezile alizoleta Alex, aniwekee hapa.