Fimbo ya snuka: mvule unafaa mbele? Na mbona linsidi haikauki?

Mafundi wa Nairobi, naomba ushauri. Nina mbao ya mvule kutoka Gikomba na kipande cha mpingo cha kitako. Nataka fimbo ya kuchezea snuka (mchezo wa mipira mezani), inchi 58, ncha milimita 9.5. Mvule utafaa upande wa mbele, ule mwembamba wa kuelekea ncha? Pia mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) niliyopaka kwenye kipande cha majaribio yana siku nne na bado yananata.

RandaKali: Ndugu, mvule usiuweke mbele. Nyuzi zake zimesokotana, kwa hiyo ukishauchonga hadi unene wa kidole utapinda, na randa itaung'oa vipande. Wakati mwingine una mawe ya chokaa ndani, yanaua makali ya kisu. Tafuta mbao ya ashi au mepo, miti migumu ya ng'ambo. Itazame ubavuni: nyuzi zikikimbilia ukingoni kabla ya kufika mwisho, iache hata kama ni bei rahisi. Usiifikishe kipimo siku moja. Bakisha ncha milimita 14, itundike wima wiki kadhaa, punguza kidogo, tundika tena. Ukiiegemeza ukutani itajikunja yenyewe.

MsasaLaini: Mpingo ni chaguo zuri sana kwa kitako, ila una mafuta yanayokataa gundi. Futa kwa asetoni kisha upake gundi ya epoksi papo hapo, wala usikaze jiriwa mno, gundi yote itatoka. Hapa ndipo wengi huharibu: asetoni huyeyusha weusi wa mpingo na kuuingiza kwenye vinyweleo vya ashi. Vumbi lake nalo ni hivyo hivyo, halitoki. Kwa hiyo ziba ashi kwa utepe unapopiga msasa kitako, na uvae barakoa, vumbi hilo linawasha.

RandaKali: Na upime uzito mapema. Mpingo ni mzito, fimbo nzima iwe kama gramu 480 hadi 540.

KitambaaChaPamba: Linsidi inayonata ama ni mbichi, ama umepaka nene. Nunua iliyochemshwa. Futa hiyo kwa tarpentaini, piga msasa namba 400, paka kidogo kwa kitambaa, ngoja dakika 15, kisha ufute hadi mti uonekane mkavu. Rudia kila baada ya saa 24, mara tano au sita. Vanishi usiweke mbele, itakwama mkononi wakati wa kupiga. Tafadhali, vitambaa vya mafuta usivikunje pembeni, vinaweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje au uviloweshe maji.

Mwuliza: Asanteni. Mkebe umeandikwa mbichi. Mvule nitautumia kwa kisanduku cha fimbo.